Meza ya Mchina, mboga za Lushoto (Sehemu ya Pili)

Mtu wa Lushoto akialikwa chakula cha jioni katika mgahawa wa Kichina wa hoteli ya nyota tano jijini Dar es Salaam, huingia na hofu mbili: vijiti na bei. Zote mbili zina dawa, na tutazifikia. Asilolitarajia ni kwamba sehemu kubwa ya kitakachowekwa mbele yake hukipita kila siku kikiwa bado shambani, pale Lukozi, Mtae au Malindi yetu ya milimani.

Katika sehemu ya kwanza tulitazama vyombo vya kaure vya Kichina vilivyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, vikapachikwa kwenye makaburi ya minara ya Tongoni na Kunduchi, karne nyingi kabla ya Mchina yeyote kufungua mgahawa katika nchi hii. Leo tukae mezani.

Nitaanza na mboga, ingawa menyu itakushawishi uanze na bata. Mji wa Lushoto uko kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba unapanda kupita mita 2,000. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmsthal na kuufanya kimbilio la kupumzika na joto la pwani; pale Kwai serikali yao ilikuwa na shamba la majaribio. Kabichi, karoti na viazi vya kwao vikakubali ardhi ya mabondeni, na Wasambaa wakavichukua na kuvilima kwa ustadi kuliko waliovileta. Baadaye zikaja hoho, liki, koliflawa, brokoli na chainizi. Jioni mafuso hupakia matenga na viroba vya lumbesa, yakateremka kona za Soni hadi Mombo, yakashika barabara kuu ya Segera, na kukipambazuka mzigo uko mikononi mwa madalali wa Kariakoo na Ilala.

Kabichi huistahimili safari hiyo. Chainizi haiistahimili. Jani lake ni jembamba na bua lake limejaa maji. Likibanwa usiku kucha chini ya karoti, asubuhi linatoka limenyong'onyea, na kingo zimeanza kuwa kahawia. Mama wa nyumbani atalipika hivyo hivyo. Mpishi wa Kichina wa hoteli atalirudisha, kwa kuwa katika upishi wake hakuna nyanya wala nazi ya kuficha jani lililochoka. Kwa sababu hiyo wakulima wa Lushoto walijipanga kuiuzia hoteli bila kupitia kwa dalali. Usambara Lishe Trust ilijulikana kwa kazi hiyo: kukusanya mboga za wanachama wake, kuzichambua, na kuzipeleka moja kwa moja kwenye hoteli na maduka makubwa ya Dar es Salaam. Tofauti kati ya mkulima huyo na jirani yake anayejaza lumbesa haipo kwenye mbegu. Ipo kwenye kuchambua, kufungasha na kufika siku iliyoahidiwa.

Sasa tuingie jikoni. Karai la chuma hukaa juu ya jiko la gesi linalounguruma, likaachwa mpaka lianze kutoa moshi mwembamba. Mafuta yanamiminwa, yanazungushwa, kitunguu saumu kilichopondwa kinafuata. Mabua ya chainizi ndiyo yanayotangulia kwa kuwa ni manene. Majani huja nyuma yake. Chumvi kidogo, kijiko cha supu, mpishi anarusha karai mara nne au tano, na kazi imekwisha. Haifiki dakika mbili. Jani linalofika mezani ni la kijani kibichi na linang'aa, bua lake bado linalia chini ya jino, na harufu ya moshi wa chuma imelishika. Ukilinganisha na chainizi yetu ya kuchemshwa na nyanya mpaka ilale, utaona ni vyakula viwili. Yetu ina haki yake pembeni ya ugali. Lakini brokoli iliyochemshwa kwa nusu saa, kama inavyofanywa katika hoteli zetu nyingi, haina wa kuitetea.

Siri ya karai imo kwenye kisu. Kila kitu hukatwa vipande vidogo vya ukubwa mmoja kabla moto haujawashwa, nyama na mboga sawia, ili viive pamoja na kwa haraka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba China ya kale yenye watu wengi ilikuwa na uhaba wa kuni, hivyo jasho lilihamishwa kutoka kwenye moto kwenda kwenye ubao wa kukatia. Kwa milima ambayo misitu yake imepungua kwa kuni, mkaa na mashamba, hoja hiyo inatuhusu moja kwa moja.

Kuagiza nako kuna namna yake. Kwetu kila mtu huletewa sahani yake. Kwa Wachina sahani huwekwa katikati, mara nyingi juu ya duara la kioo linalozungushwa, kila mtu akachukua kidogo kidogo. Utaratibu huu mtu wa pwani aliyekulia kwenye sinia hahitaji kufundishwa. Watu wanne waagize nyama moja, samaki au kuku mmoja, mboga mbili na supu, kisha wali. Kosa la wageni wengi ni kila mmoja kujichagulia kuku, meza ikajaa kuku wa aina nne wenye mchuzi mmoja. Uliza pia jiko ni la upande gani wa China. Upishi wa Guangdong, kusini, hupenda ladha nyepesi na samaki wa mvuke mwenye tangawizi na majani ya vitunguu. Wa Sichuan una pilipili kali pamoja na punje ndogo zinazotia midomo ganzi. Pilipili kali yenyewe ilitoka Amerika, ikafika China na pwani yetu katika zama za meli za Wareno. Bata wa Beijing ni wa kuagizwa mapema. Mkahawa wa Quanjude ulioko Beijing umekuwa ukimuuza tangu 1864. Ngozi yake inayokatika kama bisi huviringishwa ndani ya chapati nyembamba pamoja na tango na majani ya vitunguu, ambayo huenda nayo yametoka kwetu.

Msomaji Mwislamu, na Tanga tuko wengi, asione haya kuuliza. Maswali ni matatu: sahani ina nguruwe? Imekaangwa kwa mafuta ya nguruwe? Imetiwa pombe ya mchele? Swali la tatu ndilo linalosahaulika, kwa sababu pombe hiyo hutumika jikoni kama sisi tunavyotumia ndimu, na menyu haiitaji. Uliza pia kama karai linalokaangia nguruwe ndilo hilo hilo la mboga. Mhudumu wa hoteli kubwa amezoea kuulizwa hivyo, na asiyejua atampelekea mpishi. China kwenyewe kuna mamilioni ya Waislamu, wakiwamo Wahui, na tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou zilizoenea nchi nzima ni chakula chao.

Vijiti sasa. Cha chini hakitembei. Hulala kati ya dole gumba na kidole cha pete. Cha juu hushikwa kama kalamu, na ndicho kinachobana. Ukishindwa omba uma, hakuna atakayekucheka. Usivisimamishe tu wima ndani ya bakuli la wali, kwa kuwa hufanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya wafu, na mwenyeji wako atakereka hata kama hatasema. Chai italetwa mwanzo, bila maziwa wala sukari. Inywe hivyo.

Bei ndiyo iliyobaki. Sahani ya chainizi na kitunguu saumu hapo hotelini huuzwa mara nyingi zaidi ya fungu lake lilipotoka shambani. Unalipia gesi, mpishi, kiyoyozi, kitambaa cha meza na kodi ya ongezeko la thamani. Silalamikii hilo. Ninacholalamikia ni kuona kwamba Lushoto yenyewe, mgeni akipanda kutoka Mombo, atapata mkate wa rai na jibini za Irente, urithi wa Wajerumani unaotunzwa vizuri. Lakini sahani ya mboga iliyokaangwa haraka, katika nchi inayolisha majiko ya Kichina ya Dar es Salaam, ni bahati nasibu. Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 hawakusubiri hoteli: walilima mboga zao kambini na kuzipika hapo hapo. Karai ni la bei nafuu, mafundi wa Gerezani huyachonga, na tangawizi inalimwa jirani tu, kwenye milima ya Wapare wilayani Same.

Wenye hoteli na nyumba za wageni za Lushoto, Soni na Mtae, wekeni sahani hiyo kwenye menyu zenu. Mboga ichumwe asubuhi, ikatwe mchana, ikaangwe mgeni akiwa ameshakaa. Sehemu ya tatu itahusu chai: mmea wa China uliopandwa Amani mwaka 1902, na kwa nini buli la hoteli halina majani ya Usambara.