Mshipa wa Damu Unaooteshwa Maabara

Panga likikata mshipa mkubwa wa mguu, damu haifiki chini. Mguu unaweza kufa. Kwa kawaida daktari huchukua kipande cha mshipa wa mgonjwa mwenyewe, akauungia hapo. Je, kisipopatikana kinachofaa?

Desemba 2024 Serikali ya Marekani iliruhusu majeruhi wa namna hiyo watiwe mshipa uliooteshwa maabara. Wataalamu hupanda chembe hai za mtu mwingine kwenye bomba la nyuzi laini na kuzilisha kwa wiki kadhaa. Chembe hizo hujenga ukuta wa mshipa. Kisha huoshwa zikatoka, ili mwili wa mgonjwa usiukatae. Hubaki ukuta mtupu, kama nyumba isiyo na watu.

Je, ni sawa na mshipa wa asili? Hapana. Mshipa wa asili ni hai: hubana na kutanuka, na utando wake wa ndani huzuia damu isigande. Katika ule wa maabara, chembe za mgonjwa huhamia polepole. Unaweza kuziba, hata kupasuka.

Basi tunza mishipa uliyozaliwa nayo. Mwenzako akivuja damu nyingi, kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi. Usiachie. Mkimbizeni hospitali.