Je, Wajua? Mchezaji Asiyejua Usingizi

Je, wajua ya kwamba katika michezo ya video ichezwayo na halaiki kwa njia ya intaneti, ile ambayo kijana wa Kiamaiko, mtaa wa Nairobi, aweza kuicheza kwa simu ya mkononi na mtu aliyeko Korea, hasimu akushindaye huenda asiwe binadamu hata kidogo, bali ni boti, yaani programu iliyoamrishwa na mtu ambaye saa hiyo amelala fofofo? Boti huwinda na kukusanya dhahabu ya mchezo usiku kucha, na bwana wake akiamka huikuta hazina tayari, ilhali mshindani wake amekesha kwa jasho la vidole.

Si kila boti ni hadaa, kwani PUBG Mobile yenyewe humkutanisha mgeni na boti dhaifu, naye maskini hudhani amekwisha kuwa shujaa.

Ghiliba hasa ilikuwa biashara ya Glider, boti ya mchezo wa World of Warcraft, ambayo hadi Septemba 2008 ilikuwa imeuzwa leseni 120,000 na kuingiza dola milioni 3.5, kabla ya mahakama ya Marekani, kwa mashtaka ya Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, kuisimamisha mwaka 2009. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: tangu sheria ya mwaka 2016, atengenezaye au kusambaza programu za udanganyifu aweza kufungwa gerezani.