Bunduki ya Herstal katika Jiji la Mawe

John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki wa Ogden, Utah, alifariki dunia Novemba 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha Fabrique Nationale, mjini Herstal, Ubelgiji. Aliacha bastola, shotigani na bunduki za rashasha ambazo majeshi na wawindaji wa dunia nzima wangeendelea kuzitumia kwa karne nzima. Lakini waulize wakusanyaji wa silaha za kale wangeanza kuokoa ipi nyumba ikishika moto. Si wachache watakaokutajia kijibunduki kimoja kisichomfaa askari yeyote, chenye uzito wa kilo 2 na ushee, kinachogawanyika vipande viwili na kuingia kwenye begi la nguo.

Kinaitwa SA-22. Kiwanda cha Herstal kilianza kukitoa mwaka 1914, mwaka ule ule majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ubelgiji. Mwanza, jiji la mawe la Tanzania kwenye Ziwa Victoria, nayo wakati huo ilikuwa boma la Wajerumani, na ingebaki hivyo hadi Waingereza walipoiteka Julai 1916. Vita ilipopita, kampuni ya Remington ya Marekani ikaanza kuunda bunduki hiyo kuanzia 1922 kwa jina la Model 24. Kuanzia 1956 zile za Ubelgiji zikauzwa Marekani kwa jina la Browning mwenyewe, na katika miaka ya 1970 kazi ikahamia Japani, kwenye kiwanda cha Miroku. Umbo halikubadilika sana. Fundi aliyezoea ile ya mwaka 1914 akipewa ya Kijapani hatahitaji kuelekezwa pa kuanzia.

Uzuri wake uko kwenye kuivunja. Chini ya mti wa kushikia, mbele, kuna kitufe cha chuma. Mwenye bunduki hukagua kwanza kwamba haina risasi, anavuta bolti nyuma kidogo, anasukuma kitufe mbele, anazungusha mtutu robo ya mzunguko, nao unatoka. Hakuna bisibisi wala spana. Vipande vinavyobaki vina urefu wa nusu mita hivi kila kimoja. Alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zote zimefungwa kwenye mtutu, kwa hiyo bunduki ikiunganishwa tena shabaha haipotei. Na kwa kuwa chuma kinachozungushwa juu ya chuma hulika kadiri miaka inavyopita, Browning aliweka pete ya kukazia pale mtutu unapoingia, ili mjukuu wa mnunuzi aweze kuondoa ulegevu kwa kugeuza pete meno machache.

Risasi hazikai kwenye magazini ya kuning'inia. Zinajipanga ndani ya kitako, kwenye bomba ambalo hujazwa kupitia tundu lililochongwa ubavuni mwa mti, na bomba hilo linabeba risasi kama kumi. Kila kifyatuo kinapovutwa, nguvu ya mlipuo husukuma bolti nyuma, ganda tupu linatolewa, springi inairudisha bolti mbele na risasi nyingine inaingia. Hicho ndicho kiitwacho nusu-otomatiki: kuvuta mara moja, risasi moja, bila kukoki upya. Maganda hayarukii pembeni, yanadondokea chini. Ni raha kwa mpigaji wa mkono wa kushoto, ambaye bunduki nyingi humtupia maganda usoni, lakini anayevaa shati la mikono mipana huipata habari yake. Ganda la moto likishuka hadi kwenye kiwiko, ustadi wote wa kulenga unageuka kucheza ngoma.

Risasi yenyewe ni ndogo kuliko kipande cha penseli. Aina hii, .22 Long Rifle, ilitokea Marekani mwaka 1887, nayo inatofautiana na risasi kubwa kwa jambo moja: fataki yake haiko katikati ya kitako cha ganda, imo ndani ya ukingo mwembamba unaolizunguka. Pini ikiubana ukingo ule, baruti inawaka. Kwa sababu ukingo umeshapondeka, ganda halijazwi tena, linatupwa. Kipande cha risasi kina uzito wa gramu 2.6 tu na aina ya kasi hutoka mtutuni kwa karibu mita 380 kwa sekunde, kasi inayozidi ile ya sauti. Bega halihisi kitu. Mlio ni kama kofi moja kavu. Ni kwa risasi hii watu wengi duniani wamejifunza kulenga, na risasi hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki ya bunduki ya mita 50.

Sasa ilete bunduki hiyo Mwanza.

Herstal na Mwanza zimewahi kukutana, na si kwa habari za michezo. Mwaka 2005 kampuni ya New Lachaussée ya Herstal, inayounda mitambo ya kutengenezea risasi, iliomba kuuza mitambo yake kwa ajili ya kiwanda cha risasi hapa hapa Mwanza. Serikali ya jimbo la Wallonia ilitoa kibali. Kelele zikaanza Brussels: mashirika ya kutetea haki na wanasiasa waliuliza kwa nini mitambo ya risasi ipelekwe kwenye ufukwe ulio ndani ya ukanda wa Maziwa Makuu wakati mashariki mwa Kongo kunawaka moto. Mradi ukakwama. Risasi za Tanzania zimebaki kuwa kazi ya Shirika la Mzinga, Morogoro.

Zogo hilo lilikuta jina la Mwanza tayari limechafuka nje. Filamu ya Hubert Sauper, "Darwin's Nightmare", ilikuwa imeoneshwa Venice mwaka 2004 ikidokeza kwamba ndege zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya huja na silaha. Machi 2005 ndege moja ya aina hiyo, Ilyushin 76 iliyosheheni samaki, ilianguka ziwani mara tu baada ya kuruka kutoka Mwanza, na kila mwenye dhana yake akaizidisha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani. Kwa haki, filamu ilionesha minofu mingi kuliko bunduki. Hata hivyo jiji lilibaki na jina ambalo halikulichagua.

Wakazi wenyewe walikuwa na sababu zao za kuogopa silaha, na hazikuhitaji filamu. Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, vya 1978 na 1979, viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu wasiostahili. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa upande wa Uganda, ambayo ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa bustani ya wanyama. (Rubani yule, kwa vyovyote, hakufunzwa na .22.) Baada ya vita wizi wa ng'ombe kwa mtutu ulienea Usukumani na Unyamwezi hadi wanavijiji wakaunda Sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakajilinda kwa pinde na mishale. Ziwani, wavuvi wamenyang'anywa injini na nyavu na majambazi wenye bunduki. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa kupigwa risasi usiku, ndani ya jiji alilokuwa akililinda.

Kwa hiyo sheria inapoitazama bunduki ya Browning haioni mti wa jozi uliosuguliwa wala michoro ya mafundi wa Herstal. Inaona maneno mawili: nusu na otomatiki. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo Tanzania na baadhi ya majirani zake waliitia saini Aprili 2004, inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki. Itifaki haikusema "isipokuwa zile ndogo". Haikusema "isipokuwa za kale". Mkusanyaji anayeitundika SA-22 sebuleni na jambazi anayeficha bunduki ya kivita chini ya mtumbwi wanaangukia ibara moja. Ni ukali, na mpenda mitambo ana haki ya kununa. Lakini aliyeuliza Mwanza ya miaka ile angejibiwa kwamba ni afadhali wavu wa matundu madogo.

Hata silaha zinazoruhusiwa, kama shotigani, hazipatikani kwa pupa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 mwombaji anaanzia serikali ya mtaa wake, wanakomjua kwa tabia na ugomvi wake, kisha maombi yanapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Akifariki, silaha hairithiwi kama ng'ombe: inakwenda polisi, na mtoto anayeitaka anaomba upya kwa jina lake. Mwaka 2016 serikali iliamuru kila mmiliki apeleke silaha yake ikahakikiwe. Rais John Magufuli, mwana wa Chato ya ufukwe huu huu wa ziwa, naye alihakiki zake, na picha zikatoka magazetini.

Kuna wanaodhani mlango wa uwindaji uko wazi. Hauko. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978 kwa masharti, na kanuni za leo haziruhusu mgeni kuja na bunduki ya nusu-otomatiki. Kwa tembo, nyati na simba kipenyo cha risasi kisipungue .375, kwa wanyama wengine .240. Hapo .22 haijakaribishwa hata mezani. Na kwa shida halisi za wakazi wa ufukweni haina msaada. Kiboko akipigwa gramu 2.6 za risasi anachopata ni hasira. Mamba wa Sengerema na Buchosa ni kazi ya askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na vizimba vya kuchotea maji vimeokoa watu zaidi ya ambavyo bunduki ndogo ingeweza. Kwelea kwelea wa mashamba ya mpunga ya Magu huja kwa makundi makubwa, nao hupuliziwa dawa kutoka kwenye ndege. Bomba la risasi kumi halitawafikirisha.

Tuseme basi kibali kingekuwepo. Apigie wapi? Hili ndilo swali ambalo wenye ndoto ya bunduki hulisahau, na Mwanza hulijibu kwa ukatili. Risasi inataka ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, udongo laini unaoimeza. Jiji hili lina vitu viwili kwa wingi, mawe na maji, na vyote viwili huirudisha risasi. Ikigonga jabali la aina ya lile la Bismarck linalochomoza ziwani, hupasuka au kuruka upande usiojulikana, na juu ya majabali ya Mwanza, tofauti na miji mingine, wamejenga watu. Ikigusa maji kwa pembe ndogo hudunda na kuendelea na safari. Viwanda vyenyewe huandika kwenye boksi kwamba risasi hii ni hatari hadi maili 1 na nusu, yaani kilomita 2.4. Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iko kama kilomita 2 kutoka katikati ya jiji. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina urefu wa kilomita 3. Katikati ya vipimo hivyo kuna vivuko vya Kamanga na mitumbwi ya dagaa inayowasha taa usiku kucha. Hakuna upande wa ziwa ambao mtu angesema kwa dhati kwamba hauna mtu.

Silaha ambayo Usukuma iliizoea ni ya namna nyingine kabisa. Gobole hujazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, hubandikwa fataki kwa mkono, hutoa mlio mmoja na wingu la moshi, kisha mwenyewe anaanza upya. Nalo linataka kibali, na yasiyo na kibali hukamatwa kila mara. Ila gobole ni refu, linaonekana kutoka mbali, na kijiji kizima hujua nani analo. SA-22 ilibuniwa kwa kinyume chake: ikunjwe, ibebwe, isisumbue macho ya watu kwenye treni. Mwaka 1914, kwa Mbelgiji anayekwenda shambani Jumapili, huo ulikuwa uungwana. Kwenye geti la meli ya Bukoba, begi lenye mtutu uliofunguliwa linasomeka vingine, na polisi anayelifungua hatakuwa na muda wa kusimuliwa habari za Browning.

Anayekuta kitu cha namna hii kati ya vitu vya marehemu mzee, huku mtutu umefungwa kwenye gunia na kitako kiko darini, asijidanganye kwamba kipande kimoja si bunduki. Mtutu peke yake nao ni sehemu ya silaha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kwa kusalimisha silaha kwa hiari, na Jeshi la Polisi nchini limekuwa likitangaza vipindi ambavyo anayesalimisha hashtakiwi, iwe kituoni au kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Apeleke vipande vyote viwili, na risasi kama zipo, zikiwa kwenye mfuko wake.