Homa ya Mapafu ya Ng'ombe: Kwa Nini Aliyepona Huogopwa

Ng'ombe mmoja aanzapo kukohoa, hasa anapoinuka alfajiri au anaposwagwa kwenda malishoni, mfugaji mzoefu hamwachi apite bila kumtazama mara ya pili. Huenda ni vumbi la njia tu. Huenda ni minyoo ya mapafu, kichomi cha kawaida, au ndigana kali iletwayo na kupe, ambayo mwishowe hujaza mapafu maji na kumtoa mnyama povu puani. Lakini huenda pia ni homa ya mapafu ya ng'ombe, maradhi ambayo Wamaasai huyaita olkipiei. Hapo hatari si ya ng'ombe mmoja tena, bali ni ya kundi zima, na pengine ya nchi nzima. Maradhi haya hayamwambukizi binadamu, lakini humwondolea maziwa, nyama, mahari na akiba yake.

Kiini kisicho na ukuta

Mwaka 1898 wataalamu wawili wa Ufaransa, Edmond Nocard na Émile Roux, walifaulu kukuza maabarani kiini cha homa hii. Kiini hicho ni cha jamii ya mikoplasma, ambayo ni miongoni mwa viumbe vidogo kabisa viwezavyo kuishi na kuzaana vyenyewe. Bakteria walio wengi wana ukuta mgumu unaozunguka utando wa seli. Mikoplasma hawana ukuta huo. Wana utando peke yake.

Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa katika tiba. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli. Pasipo ukuta, dawa hiyo haina cha kuvuruga. Kwa hiyo mfugaji amdungaye penisilini ng'ombe mwenye homa ya mapafu hupoteza fedha na, lililo baya zaidi, hupoteza wakati. Oksitetrasaiklini na tailosini hufuata njia nyingine: huzuia kiini kutengeneza protini, nacho hushindwa kukua.

Yatokeayo kifuani

Maambukizi hupita hewani, katika matone madogo yarushwayo na ng'ombe akohoaye. Kwa kuwa viini hivi havidumu nje ya mwili, ni lazima wanyama wakaribiane: zizini, kisimani, mnadani au ndani ya lori. Dalili za kwanza aghalabu huonekana baada ya wiki 3 au zaidi, na pengine baada ya miezi kadhaa. Joto la mwili, ambalo kwa ng'ombe mzima ni kiasi cha nyuzi 38.5 za Selsiasi, hupanda kupita 40. Mnyama hujitenga na wenzake, huacha kula, hunyoosha shingo na kutanua viwiko vyake nje ili kifua kipate nafasi. Ndama walio chini ya miezi 6 mara nyingi huvimba viungo vya miguu badala ya kukohoa.

Akichinjwa, mkaguzi wa nyama hukuta kifuani lita nyingi za maji ya rangi ya manjano. Pafu, aghalabu la upande mmoja, huwa gumu na lenye mistari kama jiwe la marumaru.

Aliyepona si salama

Si kila mgonjwa hufa. Katika wale wanaopona, mwili hujenga ngozi nene kuizunguka sehemu ya pafu iliyokufa, hata ikawa kama kifuko kilichofungwa. Ndani yake viini huweza kuishi miezi mingi. Damu haiingii humo, na kwa hiyo dawa ichukuliwayo na damu haifiki ipasavyo. Nje ng'ombe hunenepa, hung'aa manyoya na hukamuliwa kama kawaida. Huuzwa, huazimwa, hutolewa mahari. Hata kipimo cha damu huweza kumkosa. Wataalamu huhofu kwamba kifuko hicho kikipasuka, viini vitatoka tena kwa kikohozi katika kundi lililompokea kwa furaha.

Hapa ndipo ilipo kazi ngumu ya kuamua. Mfugaji ana haki ya kutaka ng'ombe wake aokolewe, na sindano ya dawa ifaayo huweza kumshusha homa na kumwepusha na kifo. Lakini sindano hiyo hiyo huweza kuficha ugonjwa pasipo kuumaliza. Ndiyo sababu idara za mifugo katika nchi nyingi zilikataza tiba na kuamuru uchinjaji. Botswana, ilipovamiwa na homa hii mwaka 1995, iliwaua ng'ombe wapatao 320,000 katika Ngamiland. Ugonjwa ulikoma, lakini familia nyingi ziliona mazizi yao yakibaki matupu, ingawa fidia ilitolewa.

Si kila serikali iwezayo gharama hiyo. Majaribio yaliyofanywa Namibia na kutangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ng'ombe wagonjwa waliotibiwa kwa danofloksasini waliwaambukiza wenzao kwa uchache kuliko wale wasiotibiwa. Basi tiba huweza kusaidia, mradi iende pamoja na karantini na chanjo.

Chanjo na mipaka yake

Mwaka 1852 daktari Louis Willems wa Ubelgiji alionyesha kwamba maji ya pafu lenye ugonjwa, yakichomwa kwenye ncha ya mkia, huweza kumpa ng'ombe kinga. Chanjo itumikayo leo, T1/44, inatokana na kiini kilichopatikana Tanganyika na kupitishwa mara 44 katika mayai ya kuku. Kiini cha chanjo hiyo ni hai. Kwa hiyo huhitaji ubaridi mpaka malishoni, na ng'ombe aliyechanjwa asipewe antibiotiki, kwani dawa itaiua chanjo yenyewe. Kinga yake hudumu kiasi cha mwaka mmoja tu. Chanjo ya sotoka ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, na sotoka ikatangazwa kutoweka duniani mwaka 2011. Homa ya mapafu ingalipo.

Tanzania iliufuta ugonjwa huu mwaka 1964. Mwaka 1990 ukarejea kupitia mpaka wa kaskazini, kwa miguu ya ng'ombe.

Basi ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa mfugaji. Ng'ombe mgeni atengwe kabla ya kuchanganywa na wengine. Anayekohoa asihamishwe, na daktari wa mifugo aarifiwe mapema. Akiruhusu tiba, dozi imalizwe, maziwa na nyama visitumiwe mpaka muda uliowekwa upite, na mnyama huyo atiwe alama. Asiuzwe wala kutolewa mahari. Njia yake iwe moja tu, ya machinjioni, ambako mkaguzi ataweza kulipasua pafu na kuona kilichomo.