Tarakilishi za msaada: Mfumo upi unafaa shule ya Junju?

Na MWANDISHI WETU

TARAKILISHI kuukuu zinapofikishwa shuleni kama msaada, shangwe huwa kubwa. Hotuba hutolewa, picha hupigwa na wazazi hurejea makwao wakiwa na matumaini. Swali gumu huja mfadhili anapokwisha kuondoka: mashine hizi zitaendeshwa na mfumo upi, na ni nani atakayezitunza?

Swali hili linaihusu kata ya Junju, katika eneo bunge la Kilifi Kusini, sawa na linavyovihusu vijiji vingine vya pwani hadi Malindi. Limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, hudai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa jumla, hazikuwapo sokoni kabla ya mwisho wa mwaka 2017. Kwa sababu hiyo, ofisi nyingi duniani zimebaki na mashine nzima zisizokubaliwa rasmi na mfumo huo. Mashine za namna hiyo ndizo zinazoelekea kutolewa kama msaada.

Shule ikizipokea jinsi zilivyo, itakuwa imepokea milango isiyo na kufuli, kwani virusi husafiri kwa flashi hata pasipo intaneti. Ikizitupa, itakuwa imezidisha taka za elektroniki. Njia ya tatu ni kuziwekea mfumo endeshi ulio huria.

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoamrisha viungo vyote vya tarakilishi, kuanzia kibodi hadi kichapishi. Ukiitwa huria, maana yake ni kwamba maandishi ya ndani ya programu hiyo yako wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa bila kulipia leseni. Mashuhuri zaidi ni ile mifumo iliyojengwa juu ya Linux, kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland.

Uhuru huo umewahi kuinufaisha lugha yetu. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huria, watafsiri hawakuhitaji kuisubiri kampuni yoyote iamue kama Kiswahili kina faida sokoni. Kutokana na OpenOffice ilizaliwa LibreOffice mwaka 2010, ambayo leo huambatanishwa na mifumo mingi ya Linux.

Tatizo ni kwamba mifumo hiyo ni mingi mno, na kila mpenzi wa Linux husifia wake. Mwalimu asihangaike na sifa hizo. Ajiulize maswali matatu tu.

La kwanza ni nguvu za mashine. Atazame kama prosesa ni ya biti 64, na kumbukumbu ya RAM ni gigabaiti ngapi. Mashine ya biti 32 ni heri ikataliwe mapema: hata Debian, iliyokuwa kimbilio la mashine hizo, iliacha kutoa toleo la kuzisakinishia ilipotoa Debian 13 mnamo Agosti 2025. Yenye RAM ya gigabaiti 2 itafaa kwa kazi nyepesi, na yenye gigabaiti 4 itatosha kwa masomo mengi.

La pili ni sura. Mwalimu aliyezoea Windows hatafurahi kuanza upya kama mtoto wa chekechea. Linux Mint ina menyu katika pembe ya chini kushoto na orodha ya programu zilizofunguliwa upande wa chini, kama alivyozoea. Toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, limeahidiwa masasisho hadi 2029, na lina aina nyepesi iitwayo Xfce. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo ya kuanzia. Edubuntu, iliyoanza mwaka 2005, ikasita baada ya toleo la 2014 na kurejea mwaka 2023, huja na programu nyingi za elimu, ila ni nzito zaidi. Shule isivutwe na jina ikiwa mashine zake ni dhaifu.

La tatu, nalo ndilo kuu, ni fundi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtaalamu aliye Nairobi hatafika Junju kila kichapishi kinapokataa kufanya kazi. Kwa hivyo mashine zote ziwe na mfumo mmoja, na walimu wawili au zaidi wafundishwe kuusakinisha upya. Mfumo usiosifika sana lakini unaojulikana na fundi wa karibu ni bora kuliko ule unaosifiwa na asiyeonekana.

Kabla ya kufuta chochote, mfumo upakuliwe mara moja mahali penye intaneti nzuri na uwekwe kwenye flashi. Mint ina ukubwa wa takriban gigabaiti 3. Mashine huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kuguswa kilichomo ndani, ili sauti, kichapishi na mtandao vijaribiwe. Flashi hiyo hiyo itatosha kwa mashine zote. Kisha iongezwe programu ya Kiwix, inayowezesha Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, kusomwa pasipo intaneti.

Hata hivyo, ukweli usifichwe. Baadhi ya programu zilizotengenezewa Windows hazitafanya kazi, na nyaraka za Microsoft Office huweza kubadilika mpangilio zikifunguliwa katika LibreOffice. Somo la Tarakilishi katika mtihani wa KCSE lina karatasi ya vitendo. Mwalimu wake aulizwe kwanza, na ikibidi mashine chache zenye uwezo zibaki na Windows inayosasishwa.

Rahisi ghali, walisema wahenga. Mfumo huria haulipiwi leseni, lakini unadai muda, mafunzo na mtu wa kuwajibika. Kamati ya shule imtaje mtu huyo kabla ya lori la msaada kupakuliwa, la sivyo mashine zitaishia stoo zikila vumbi, huku mtoto wa Junju akiendelea kuchorewa kibodi ubaoni.