Imani, Itikadi na Kutoamini: Uchunguzi wa Maneno Yanayomtaja Asiyeamini Mungu

1. Utangulizi

Mji mdogo wa Illasit umo kusini mwa Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, mkabala na Tarakea iliyo katika Wilaya ya Rombo nchini Tanzania. Lugha inayowaunganisha Wamaasai, Warombo, Wakamba na Wakikuyu wanaokutana sokoni hapo ni Kiswahili. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo mkaazi wa Illasit huulizwa na dola yake, na ambalo jirani yake wa Tarakea haulizwi. Katika sensa ya Kenya ya Agosti 2019, makarani waliandika dini ya kila mtu katika kaya. Tanzania haijauliza swali hilo tangu sensa yake ya 1967, na halikuulizwa hata katika sensa ya Agosti 2022.

Tofauti hiyo inaleta mbele ya mwanaisimu suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanafalsafa. Mtu anaposema kwamba haamini kuwako kwa Mungu, au kwamba hajui kama Mungu yuko, je, ametaja imani yake, au ametaja kwamba hana? Na je, msimamo huo unatosha kuitwa mtazamo wa ulimwengu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ubishi juu ya suala hili hutokana na maneno yanayotumika kuuliza, na kwamba sarufi ya Kiswahili inazo njia za kutenganisha mambo ambayo msamiati wake umeyachanganya.

2. Swali la karani

Ichukuliwe kwamba karani anauliza: "Dini yako ni ipi?" Kiulizi -pi humtaka mwulizwa achague kimoja kati ya vitu ambavyo tayari vimekubaliwa kuwa vipo. Anayeulizwa "Gari lako ni lipi?" amekwisha kudhaniwa kuwa ana gari. Swali "Je, una dini?" halina dhana hiyo. Kwa hiyo asiye na dini, akijibu swali la kwanza, hulazimika kwanza kulivunja swali lenyewe.

Matokeo ya sensa ya 2019 yanaonyesha jinsi tatizo hili lilivyotatuliwa kiofisi. Kati ya watu 47,564,296 waliohesabiwa nchini, 755,750 waliwekwa katika fungu moja lililowajumlisha wasio na dini na wasioamini Mungu. Fungu hilo linaunganisha watu wa namna mbili tofauti. Mzee anayemwomba Mungu kila alfajiri lakini hafuati kanisa wala msikiti wowote hana dini kwa maana ya karani, lakini kumwita asiyeamini Mungu ni kumsingizia. Fungu jingine lilikuwa na watu 73,253 ambao dini yao ilijibiwa kwa "sijui". Ni rahisi kwa msomaji mwenye haraka kudhani kwamba hao ndio waagnostiki wa Kenya. Sivyo. Kwa desturi mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima, na "sijui" yake yaweza kuwa na maana kwamba hajui dini ya mpangaji au ya mjomba aliyelala hapo usiku ule. Kutojua dini ya mtu na kutojua kama Mungu yuko ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, ingawa neno linalotumika ni moja.

3. Msamiati uliokwisha kuhukumu

Neno imani limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupatia pia amini, amani na amana. Katika Kiswahili neno hili limepata maana ya ziada, nayo ni huruma. Kumfanyia mtu imani ni kumwonea huruma, na mtu asiye na imani ni katili. Hapa ndipo penye madhara. Anayemweleza mwenzake kuwa "hana imani" kwa maana ya kwamba haamini Mungu, katika sikio la Mswahili amekwisha kumtuhumu kwa ukatili. Shtaka la maadili limeingia kwa mlango wa nyuma, bila ya hoja kutolewa.

Neno itikadi nalo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunga fundo. Ni jambo ambalo moyo umelifunga usiliachilie. Katika siasa za Afrika Mashariki neno hili limehamia kwenye mafundisho ya chama na dola, na leo mtu akitaja itikadi husikika kama anataja mfumo mzima wa mawazo, kama vile Ujamaa.

Yapo pia maneno yanayomtaja mtu mwenyewe. Mlahidi limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupinda kutoka katikati. Mzizi huohuo katika Kiarabu hutaja tundu la pembeni mwa kaburi, lile ambalo Waswahili huliita mwanandani. Mlahidi, basi, ni mtu aliyepinda. Mzandiki katika Kiswahili ni mnafiki na mwongo, lakini asili yake ni neno la Kiarabu zindiq, ambalo zamani lilitumika kwa watu waliotuhumiwa uzushi katika dini. Lugha ilimpokea mtu wa fikra tofauti, ikamgeuza kuwa mnafiki.

Neno linalopendwa zaidi na waandishi wa leo ni mkanamungu. Kitenzi kana hutumika kwa mtu anayekana deni, anayekana mtoto, au anayekana shtaka. Katika matumizi hayo msikilizaji hushuku kwamba deni lipo na kwamba mkanaji analijua. Kanusha ni tofauti, kwa kuwa mtu hukanusha habari au dai lililotolewa na mwingine, na msikilizaji hubaki huru kupima nani mkweli. Kwa hiyo mkanamungu ni neno linalomfananisha mhusika na mdaiwa mkaidi. Anayelitumia katika mjadala wa kitaalamu ameanza na hukumu kabla ya ushahidi.

4. Mahali pa ukanushi

Sarufi ina uadilifu zaidi kuliko msamiati. Ziangaliwe sentensi tatu:

(1) Naamini kwamba Mungu hayupo.
(2) Siamini kwamba Mungu yupo.
(3) Sijui kama Mungu yupo.

Katika (1) ukanushi umo katika kishazi tegemezi, na kitenzi kikuu ni cha kukubali. Msemaji anayo imani, na maudhui ya imani hiyo ni kutokuwako kwa Mungu. Katika (2) ukanushi umo katika kitenzi kikuu. Msemaji anatangaza kwamba imani fulani haimo moyoni mwake, wala hasemi kwamba imani iliyo kinyume chake imo.

Itapingwa kwamba katika mazungumzo (2) husikika kama (1). Ni kweli. Anayesema "Sidhani kwamba atakuja" hueleweka kuwa anadhani hatakuja, na vitenzi vya kudhani na kuamini vina tabia hiyo katika lugha nyingi. Lakini hiyo ni desturi ya matumizi, na jaribio jepesi linaithibitisha. Sentensi "Siamini kwamba Mungu yupo, wala siamini kwamba hayupo" haijipingi. Sentensi "Naamini kwamba Mungu hayupo, wala siamini kwamba hayupo" inajipinga. Kama (1) na (2) zingekuwa na maana moja, zote mbili zingejipinga. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, katika kitabu chake cha 1976, alizitenganisha namna mbili za kutoamini Mungu, ile inayodai na ile isiyodai, na ilimbidi afanye hivyo kwa kuongeza vivumishi. Katika Kiswahili inatosha kuhamisha ukanushi.

Sentensi (3) ni ya kundi jingine, maana inahusu ujuzi. Thomas Henry Huxley alipobuni neno la uagnostiki mwaka 1869, alikusudia kanuni kwamba mtu asidai kuwa na hakika juu ya jambo ambalo ushahidi wake hautoshi. Kuwaita waagnostiki "wenye shaka" kunapotosha, kwa kuwa shaka ni hali ya moyo, na uagnostiki ni uamuzi juu ya mipaka ya ujuzi. Tena mtu aweza kuungana na (3) huku akiungana na (2), au hata huku akiamini kwamba Mungu yupo. Mswahili anayefunga mjadala kwa "Mungu ndiye ajuaye" anakiri kutojua kwake na papo hapo anathibitisha kuwako kwa Mwenye kujua.

Kiambishi cha mtendwa nacho kinastahili kuangaliwa. "Simwamini jirani" haina maana kwamba jirani hayuko, bali kwamba haaminiki. Vivyo hivyo "asiyemwamini Mungu" aweza kuwa mtu anayekubali kuwa Mungu yuko lakini hamtegemei. Mhubiri na mwanafalsafa wanapoitumia ibara hii, mara nyingi kila mmoja ana mtu wake akilini.

5. Jina la Mungu na dhana ya Mungu

Illasit inaleta ugumu mwingine. Katika Kimaasai neno Enkai hutaja Mungu, na pia hutaja mvua na mbingu. Upande wa pili wa mpaka, kwa Wachaga, Ruwa ni Mungu na pia ni jua. Asemaye kwa Kiswahili "Mungu hayupo" amekanusha jambo moja. Atakayejaribu kuitafsiri sentensi hiyo katika lugha hizi ataona kwamba jina analolikanusha linagusa pia vitu ambavyo kila mtu anaviona. Haifuati kwamba Mmaasai au Mchaga hawezi kutoamini. Inafuata kwamba kabla ya kuuliza kama mtu anaamini, sharti ijulikane anaulizwa juu ya nini.

Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Magharibi, alisimulia jinsi wamishenari wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na dhana hiyo ya kuumba, na swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga. Wazee wakalitaja jina la pepo aliyesadikiwa kuwapinda watu migongo, na jina hilo likawa jina la Mungu wa Kikristo. Okot alikuwa akiwapinga wale waliomwona Mwafrika kuwa ni mtu wa dini katika kila jambo, kama alivyoandika John Mbiti mwaka 1969. Hata kama msomaji atampendelea Mbiti, onyo la Okot linabaki, kwamba jibu la imani hutegemea swali lilivyofinyangwa.

6. Je, ni mtazamo wa ulimwengu?

Mtazamo wa ulimwengu hueleza vitu vilitoka wapi, mtu ana thamani gani, na aishije. Sentensi (1) haijibu lolote kati ya hayo isipokuwa kwa kuondoa jibu moja. Wakanushaji wawili waweza kuwa mmoja mjamaa na mwingine bepari, mmoja mpole na mwingine jabari. Kuamini kwamba Mungu yupo, nako, peke yake si mtazamo wa ulimwengu, maana Mwislamu, Mkristo na Mmaasai wa desturi hukubaliana hapo na kuachana katika mengi. Imani juu ya jambo moja huwa tofali katika nyumba, na tofali haliitwi nyumba.

Kiambishi u- ndicho kinachodanganya hapa. Kinapounda Ukristo, Uislamu, ujamaa na ukomunisti, kisha kikaunda ukanamungu, msikilizaji huviweka vyote katika rafu moja kana kwamba kila kimoja kina mafundisho na wafuasi. Kitenzi-jina kutoamini, chenye -to- ya ukanushi, hakijengi nyumba hiyo.

7. Sheria na jina la mtu

Suala hili si la darasani tu. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa, na mwezi Aprili mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili huo, ndipo jambo likafika Mahakama Kuu. Hoja hutolewa mara kwa mara kwamba, kama kutoamini si imani, hakuna uhuru wa imani wa kulindwa. Hoja hiyo haisimami. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinataja dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni. Mwenye sentensi (1) anaingia kwa mlango wa imani, na wenye (2) na (3) wanaingia kwa mlango wa mawazo, maoni au dhamiri. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa 1993 juu ya mkataba ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, ililinda imani za wasioamini Mungu pamoja na haki ya kutokuwa na dini wala imani yoyote. Sheria ya Kenya kuhusu viapo, nayo, humruhusu asiye na imani ya dini athibitishe kwa dhati badala ya kula kiapo. Sheria, basi, imetofautisha mambo ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya.

8. Hitimisho

Kutoamini kwa maana ya (2) si imani. Ukanushaji kwa maana ya (1) ni imani moja. Uagnostiki ni msimamo juu ya ujuzi. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivi kilicho mtazamo wa ulimwengu peke yake, ingawa kila kimoja chaweza kuwa sehemu yake. Inapendekezwa kwamba waandishi watumie kutoamini Mungu kwa maana ya kwanza, ukanushaji wa kuwako kwa Mungu kwa maana ya pili, na waliache neno la uagnostiki kama lilivyokopwa hadi lipatikane lililo bora. Ibara "mtu asiye na imani" iachiwe katili, ambaye ndiye mwenye nayo tangu zamani.

Kuhusu karani wa sensa ijayo, atakapofika Illasit itafaa aanze na "Je, una dini?", na swali la kuamini aliulize peke yake, ikiwa ni lazima liulizwe. Mzee wa alfajiri atajibu la kwanza kwa hapana na la pili kwa ndiyo, na kwa mara ya kwanza ataandikwa kama alivyo.