Kuchoma Mshipa wa Fahamu ili Kutuliza Maumivu Sugu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Mkulima wa Puge, wilayani Nzega, aliyeinama kwenye shamba la tumbaku kwa miaka mingi, huweza kuamka kila siku na maumivu ya kiuno ambayo dawa na mazoezi vimeshindwa kuyatuliza. Mgonjwa wa namna hiyo akisikia kwamba ipo tiba ya kuchoma mshipa wa fahamu, ni rahisi auze ng'ombe na kuanza safari. Makala hii inaeleza tiba hiyo, ili fedha ikitolewa, itolewe kwa jambo linaloeleweka.

Tiba hii ni nini?

Mishipa ya fahamu hupeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo. Daktari bingwa hupitisha sindano nyembamba hadi karibu na mshipa mdogo unaotoka kwenye kiungo kilichochakaa, mara nyingi viungo vidogo vya nyuma ya pingili za uti wa mgongo, au goti. Mashine ya mawimbi ya redio hupasha ncha ya sindano hadi takriban nyuzi joto 80 za Selsiasi kwa dakika moja hadi moja na nusu. Sehemu hiyo ya mshipa huungua na taarifa ya maumivu hukatika. Kiungo chenyewe hakiponi. Kinachonyamazishwa ni mjumbe tu.

Nani anafaa kupata tiba hii?

Si kila maumivu ya mgongo hutibiwa hivi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani na mfupa uliovunjika huleta maumivu yanayofanana na hayo. Vivyo hivyo brusela, ugonjwa unaoambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi au kuhudumia mifugo yenye maambukizi. Magonjwa haya yana tiba zake, na kuyachelewesha ni hatari. Mweleze mhudumu wa afya ukiwa na homa, jasho la usiku au ukikonda bila sababu. Miguu ikilegea, au ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha ganzi hutangulia

Kabla ya kuchoma mshipa, daktari huuchoma sindano ya ganzi, nawe hupima maumivu kwa saa chache zinazofuata. Yakipungua angalau kwa nusu, mshipa unaohusika umepatikana. Yasipopungua, kuuchoma mshipa huo hakutarajiwi kukusaidia. Madaktari wengine hurudia kipimo hiki siku nyingine ili kujiridhisha. Ukitakiwa kulipia tiba bila kipimo hiki, uliza sababu kabla ya kutoa fedha.

Siku ya tiba na baada yake

Mweleze daktari mapema ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, una ujauzito, kisukari au maambukizi, au hupatani na dawa ya ganzi. Usiache dawa yoyote bila ushauri wake.

Utalazwa kifudifudi ikiwa ni mgongo, na ngozi itatiwa ganzi. Kwa kawaida huwi usingizini kabisa, kwa kuwa daktari huhitaji majibu yako. Shughuli yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo. Nenda na ndugu, na usiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24.

Sehemu iliyotibiwa huweza kuuma kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Hali hiyo si ishara kwamba tiba imeshindwa. Nafuu hudumu kwa wengi miezi sita hadi kumi na miwili, kisha mshipa huota upya na maumivu huweza kurudi. Tiba huweza kurudiwa. Ganzi ya ngozi hutokea kwa baadhi ya watu; maambukizi, kutokwa damu na kuumia kwa mshipa mwingine ni nadra. Ukipata homa, usaha au udhaifu wa mguu, rudi hospitali mara moja.

Safari na gharama

Tiba hii haifanyiki katika zahanati wala kituo cha afya, kwa sababu huhitaji bingwa na eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Anzia kituo kilicho karibu nawe, upate rufaa ya hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora. Huko utaelekezwa ngazi ya juu ikihitajika. Kabla ya kupanda basi, hakikisha kwa simu kwamba hospitali unayokwenda inatoa huduma hiyo, na uulize bima yako italipa nini.

Haki zako

Unayo haki ya kuelezwa faida, madhara, tiba mbadala na gharama yote kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini ya ridhaa, na haki ya kukataa. Dai stakabadhi na nakala ya majibu ya kipimo cha ganzi. Malalamiko yaanze kwa uongozi wa hospitali. Yakihusu mwenendo wa daktari, yapelekwe Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Yakihusu ubora wa dawa au kifaa tiba, yapelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).